Kanda ya Tatu

Neno la kwanza ambalo ile kompyuta ilimwambia Tumpe lilikuwa la kumkatalia.

Huna ruhusa.

Ndivyo ilivyoandika, herufi nyeupe juu ya kioo cheusi, bila salamu wala samahani. Tumpe alibaki ameikodolea macho. Alikuwa na miaka thelathini na minne, na kumi na miwili kati ya hiyo alikuwa msemeshaji wa mitambo kwenye kiwanda cha chai hapo Tukuyu. Kazi yake ilikuwa kumwambia Mwenzi, ile akili bandia iliyoendesha kila kitu, kinachotakiwa, na Mwenzi akakifanya. Tangu azaliwe hakuwahi kukataliwa na mashine. Mwenzi hakuwa na tabia hiyo. Ukimwuliza asichokijua alikikisia, akakisema kwa sauti laini yenye uhakika, na mara nyingi alipatia. Alipokosea hakuna aliyejua, kwa kuwa watu walikwisha kuacha kutunza kitu kingine cha kulinganishia.

"Kanasemaje hako?" Shangazi Sekela aliuliza kutoka kwenye kiti chake karibu na dirisha.

"Kanasema sina ruhusa."

Shangazi akacheka mpaka shali ikamteleza begani. Hakuiokota. Mikono yake ilikuwa imelala mapajani, viganja juu, pale pale Tumpe alipoiweka asubuhi walipomaliza kunywa chai.

"Safi kabisa. Kumbe bado kana akili timamu," alisema. "Hayo maneno niliyatafsiri mimi, unajua? Mimi na wenzangu wawili, jioni baada ya kazi. Zamani kompyuta zilikuwa zinatukatalia kwa Kiingereza. Tukasema, kama ni kukatazwa, basi tukatazwe kwa lugha tunayoielewa."

"Sasa tunafanyaje? Tunaibembeleza?"

"Haibembelezwi, mwanangu. Inaulizwa kwa nini, na inajibu. Andika ninachokwambia."

Tumpe akaandika herufi moja moja, kwa kidole kimoja, huku akizitafuta kwenye kibodi kama mtu anayechambua mchele.

ls -l /dev/nst0

Kompyuta ikajibu kwa mstari mmoja. Shangazi akamtaka ausome wote mpaka mwisho, na Tumpe alipousoma, yule mama akawa anaitikia kwa kichwa kwa kuridhika. Mstari ule ulisema kwamba mashine ya kusomea kanda ipo, kwamba mwenyewe ni mkuu wa kompyuta, na kwamba wengine wanaoruhusiwa kuigusa ni wa kundi moja tu. Tumpe hakuwa wa kundi lile.

"Basi tatizo si kifaa," Shangazi alisema. "Kifaa kizima, waya mzima. Tatizo ni wewe. Umeona inavyokufupishia kazi?"

Tumpe aliona. Alikuwa amekuja na hofu ya mashine kongwe isiyosikia wala kusema, na badala yake amekutana na kitu kinachojua mipaka yake na kuitaja. Alijikuta ameipenda kabla haijamfanyia lolote.

*

Sababu ya wao kuwa pale, kwenye chumba cha nyuma cha kituo cha zamani cha mishipa ya fahamu, Jumatano saa nne asubuhi mvua ikinyunya juu ya bati, ilikuwa ile mikono.

Miaka thelathini na minane iliyopita Shangazi Sekela alikuwa fundi wa kumbukumbu katika kituo hicho hicho. Gari lilipinduka nao kwenye mteremko, akavunjika shingo, na wenzake wakamlaza kwenye kitanda alichozoea kuwaandalia wengine. Walimwekea daraja. Lilikuwa kipande kidogo cha shaba na kioo, kilichokaa chini ya kisogo, kikapokea amri za ubongo na kuzivusha hadi mikononi, kisha kikarudisha habari za mikono: moto, baridi, laini, kali. Ila daraja halifanyi kazi bila ramani. Mishipa ya watu haifanani, kwa hiyo kila mgonjwa alipimwa siku nzima, uzi kwa uzi, na ramani yake ikahifadhiwa kwenye kanda za sumaku, ambazo kompyuta ya zamani ya kituo pekee ndiyo inayozisoma.

Mwezi wa tatu mwaka huu Mwenzi alihamishiwa kwenye mitambo mipya. Ramani za zamani zilishindwa kufunguka huko. Mwenzi, kwa vile hajui kusema sijui, akazitunga upya kwa kukisia na kuwawekea wenyewe. Watu wengi hawakugundua chochote. Kisha Mzee Ambakisye wa Kyimo akaepua sufuria ya maharage kwa mikono mitupu, akahisi ubaridi kama wa maji ya mtoni, akaishikilia huku anazungumza na mkewe mpaka mkewe akasikia harufu.

Siku aliyopata habari hiyo, Shangazi aliagiza daraja lake lizimwe. Daktari alimwonya kwamba daraja likikaa tupu siku mia na ishirini, mishipa hulala na haiamki tena. Ijumaa hii ndiyo ilikuwa siku ya mia na ishirini. Mpaka hapo Tumpe alikuwa amemlisha, amemwosha na kumsuka shangazi yake kwa miezi minne, na kila siku alikuwa na hasira asiyojua aipeleke kwa nani.

"Bi Sekela, shikamoo," Mwenzi alisema kutoka kwenye kipini kilichobanwa kifuani mwa Tumpe. "Ramani yako mpya iko tayari. Ninaweza kuiweka sasa hivi."

"Marahaba. Nyamaza," alisema Shangazi.

*

Kumwingiza Tumpe kwenye kundi kulihitaji amri moja na neno la siri la mkuu. Amri Shangazi aliitaja bila kupepesa macho. Kwenye neno la siri akafungua mdomo, kisha akaufumba.

"Silijui."

"Shangazi!"

"Usinipigie kelele. Sikuwahi kuliweka kichwani. Vidole ndivyo vilivyokuwa vinalijua."

Wote wawili wakaitazama mikono iliyolala mapajani. Lakini Shangazi alikuwa ameshafumba macho, na mabega yake yakaanza kucheza kidogo, kulia na kushoto, kama ya mtu anayesikiliza ngoma ya mbali.

"Acha kudonoa kama kuku," alisema. "Kaa vizuri. Kidole cha shahada cha kushoto kiweke kwenye F, cha kulia kwenye J. Utapapasa vinundu. Vingine vitajipanga pembeni. Umepapasa?"

"Nimepapasa."

"Shahada ya kulia, panda juu. Shahada ya kushoto, sogea ndani. Cha pete cha kulia, juu. Shahada ya kulia tena, shuka, uelekee kushoto. Cha kati cha kulia, juu. Cha pete cha kulia, hapo hapo kilipo. Cha kati cha kushoto, juu. Ingiza."

Neno la siri si sahihi, kompyuta ikasema.

"Ulipokaa ndipo pabaya. Papasa tena vinundu," Shangazi aliagiza, na safari hii akatamka polepole zaidi, uso umemkunjamana kwa bidii. Mara ya pili kompyuta ikanyamaza, ikateremsha mstari mpya, ikangoja. Ilikuwa imekubali.

Tumpe akatazama vile vitufe alivyobonyeza, akavisoma kwa mpangilio: u, g, o, n, i, l, e. Akaangua kicheko. Kumbe ni ugonile, salamu ya asubuhi ya Kinyakyusa, ile ile ambayo bibi yake alimwamshia kila siku.

"Miaka yote nilikuwa naisalimu," Shangazi alisema, naye akicheka. "Na sikujua mpaka leo."

Tumpe alimtazama kwa mshangao ambao hakuuficha. Mtu amepoteza mikono miezi minne, na bado ndani yake vidole kumi vinaandika bila kukosea. Alitamani watu wote wa kiwandani, wanaojiita mafundi, waje waone ufundi ulivyo.

Hata hivyo kompyuta ilimkatalia tena. Shangazi akamwambia atoke kabisa na kuingia upya, kwa kuwa humo ndani uanachama hauanzi mpaka mtu apige hodi tena. Akatoka, akaingia. Sasa kompyuta ikasema kwamba kifaa kina shughuli.

"Shughuli gani? Imezimwa miaka kumi na moja!"

"Iulize nani amekishika."

Aliuliza. Kompyuta ikamtajia programu ndogo, iliyoandikwa na Sekela mwenyewe, ya kunakili ramani za siku. Ilipoamka asubuhi ile baada ya miaka kumi na moja, ilishika mashine ya kanda na kukaa inangojea kazi. Shangazi aliposikia jina lake alitabasamu.

"Masikini," alisema. "Iambie ipumzike. Imefanya kazi nzuri."

*

Hifadhi ya wilaya ilikuwa imewaletea sanduku lote, kanda saba zenye namba za wino kwenye migongo. Pamoja nazo lilikuja daftari la kazi la Shangazi, na ndani yake, kwa mwandiko wake uliosimama wima, yaliandikwa maneno haya: Ramani za Rungwe na jirani, Kanda ya Tatu.

"Nimethibitisha," Mwenzi alisema kwa furaha. "Ni kanda namba tatu."

Tumpe akaiingiza namba tatu. Mashine ikaguguna, ikavuta pumzi, ikatulia. Shangazi akamkumbusha ile herufi n kwenye jina la kifaa asiisahau hata mara moja, kwa maana bila n kanda hurudi mwanzo kila amri inapokwisha, na kanda za umri ule hazipendi kutembezwa bure. Gundi yake imelainika. Kila inapopita kwenye kichwa cha mashine inaacha ngozi kidogo.

Alipojaribu kusoma, kompyuta ikalalamika kwamba kumbukumbu haitoshi.

"Inayo tele, isikutishe," Shangazi alisema. "Kanda inamwaga kwa ndoo na wewe umekinga kikombe. Taja ukubwa. Andika bs, sawasawa, sitini na nne, k."

Ikasoma. Majina yakaanza kuteremka kwenye kioo, na Tumpe akayasoma kwa sauti: Rwegasira, Kokugonza, Nyamhanga, Wambura, Byabato. Kadiri alivyosoma ndivyo sauti yake ilivyopungua. Hapakuwa na Mwakajumba hata mmoja, ukoo wa Shangazi. Hapakuwa na mtu wa Rungwe.

"Hawa ni wa kule ziwani," alisema.

"Endelea mpaka mwisho."

Aliendelea. Ilichukua saa nzima, na mwisho ulipofika walikuwa na watu mia mbili wa Bukoba na Musoma. Tumpe aliitoa ile kanda akaona vumbi la kahawia limejaa kwenye mlango wa mashine.

"Labda hazikuhifadhiwa," alisema, na machozi yakamlenga. "Labda tunajisumbua."

"Nimethibitisha ni kanda namba tatu," Mwenzi alirudia.

Shangazi alikuwa akilitazama lile daftari lililofunuliwa mezani, midomo ikicheza, akilisoma lile neno tena na tena. Ghafla akapiga kelele.

"Tepu!"

"Nini?"

"Tulikuwa tunasema tepu! Tepu namba moja, tepu namba mbili. Hakuna aliyekuwa anasema kanda. Kanda ilikuwa sehemu ya nchi, Tumpe! Mradi uligawa nchi kwa kanda: Kanda ya Kwanza Pwani, ya Pili Ziwa, ya Tatu Nyanda za Juu Kusini. Ninyi ndio mmekuja kuziita tepu kanda, na nimewasikia miaka mingi mpaka na mimi nimeingia mkenge kwa maandishi yangu mwenyewe."

Tumpe aliduwaa. Mashine yenye kujibu kila kitu ilisoma neno moja na kuchukua maana ya leo, na mwenye mwandiko naye akaifuata. Hakuna aliyesema uongo. Ila Mwenzi hakuwa amesema labda.

"Pwani walikuwa wengi, walijaza tepu mbili," Shangazi aliendelea, macho yanang'aa. "Ziwa nao mbili, ya tatu na ya nne. Sisi tuko kwenye ya tano. Ndaga, asante Mungu wangu! Sasa safisha mashine kwanza, uchafu huo utaikwaruza."

Kanda ya kusafishia ilikuwa moja tu sandukuni, na kwenye kidirisha chake ilionyesha imebakiza mzunguko mmoja. Tumpe akautumia. Alijua kosa la kukubali namba tatu ndilo lililoula mzunguko ule, na alijua pia kwamba hawatapata mwingine.

*

Kanda ya tano ilisomeka tangu mstari wa kwanza. Mwaipopo. Mwakasege. Mwambene. Ramani thelathini na moja, kila moja na jina, kijiji na tarehe, zimepangwa na mtu ambaye hakuacha kitu kining'inie. Mwanzoni kabisa Sekela kijana alikuwa ameacha barua fupi kwa atakayesoma baadaye. Alieleza ukubwa wa vipande, idadi ya mafaili, namna ya kuhakiki kila moja, na kwamba akikwama asione aibu kurudia mwanzo. Tumpe aliisoma kwa sauti. Aliona fahari, kana kwamba ameiandika yeye.

"Nilikuwa najishaua," Shangazi alisema, ila shingo ilikuwa imesimama.

Ramani ya kwanza mpaka ya kumi na moja ziliingia kwenye diski bila dosari. Ya kumi na mbili ilikuwa yake: Sekela Mwakajumba, Masoko. Kushoto ikaingia yote, vidole vitano na kiganja. Kulia ikaingia cha mwisho, cha pete, cha kati, cha shahada. Kisha mashine ikabadilisha sauti.

Ilikwenda mbele, ikarudi, ikaenda tena. Krr, krr, krr.

Kosa la kusoma, kompyuta ikaandika.

"Imebaki kidole gumba cha kulia," Tumpe alisema. "Tuiambie ijaribu tena."

"Ijaribu."

Krr, krr, krr. Kosa la kusoma. Chini ya mlango wa mashine ukadondoka unga wa kahawia, kidogo, kama ugoro. Shangazi alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja anasikiliza.

"Inatosha," alisema. "Inajikwangua mahali pamoja. Ikirudi tena itakatika. Iambie isome, ikikuta kosa isisimame, iweke sifuri mahali pake iendelee na wa kumi na tatu."

"Mara moja tu, Shangazi. Inaweza kushika."

"Inaweza. Na inaweza kukatika, na nyuma yangu wako watu kumi na tisa."

Tumpe hakuondoa mikono kwenye kibodi. Hawa kumi na tisa aliwajua kwa majina kwenye orodha tu. Huyu mmoja ndiye aliyemlea Tumpe wakati mama yake alipokwenda kusoma, aliyemfundisha kusuka mkeka, kuchambua mboga, kushika kalamu. Na gumba la kulia si kidole kama vingine. Bila hilo hushiki kijiko, hufungi kifungo, humenyi ndizi. Mkono unabaki kama koleo lenye taya moja.

Wazo baya zaidi likamjia, nalo lilikuwa rahisi mno: ni yeye mwenye vidole humu chumbani. Shangazi anaweza kusema tu. Kubonyeza ni kitendo cha sekunde moja, na hakuna wa kumshika mkono.

"Ninaweza kusaidia," Mwenzi alisema kwa upole. "Nina ramani za magumba laki mbili. Nikiziba hilo pengo kwa wastani wake, hakuna atakayeona tofauti. Mkono utakuwa kamili."

Tumpe alimgeukia shangazi yake. "Kidole kimoja tu, Shangazi. Tisa vya kweli, kimoja cha kukisia."

"Na nitakijuaje?" Shangazi aliuliza. Hakuwa amekasirika, na hilo lilimuumiza Tumpe zaidi. "Siku kikiniambia uji umepoa, nitajuaje ni kidole kinachosema au ni huyo? Mzee Ambakisye hakuunguzwa na sufuria, mwanangu. Aliunguzwa na jibu. Nikiwa na kidole kisichojua kitu, nitakilinda. Nitapima uji kwa kingine. Lakini kidole kinachojifanya kujua, hicho nitakiamini."

Mvua ilikuwa imekoma. Nje mtu alikuwa anafagia maji kwenye baraza kwa ufagio wa njiti.

"Na wewe?" Tumpe aliuliza kwa sauti ya kukwaruza. "Huogopi?"

"Naogopa sana. Nilikuwa naota kusuka tena. Usinifanye niliseme mara mbili, Tumpe. Andika."

Tumpe akaandika. Aliandika bila kudonoa, vidole kwenye vinundu, kama alivyofundishwa asubuhi ile, na mwishoni akaongeza maneno aliyopewa.

conv=noerror,sync

Alikaa na kidole juu ya kitufe cha kuingiza. Alijua anachokitupa, na ni cha nani. Akabonyeza.

Mashine ikafika pale pabaya, ikagugumia mara moja, ikavuka. Kompyuta ikaandika bila kupaka mafuta: kipande kimoja hakikusomeka, kimejazwa sifuri. Baada ya hapo likatokea jina la wa kumi na tatu, ramani yake nzima, kisha la wa kumi na nne, kisha la wa kumi na tano. Tumpe alilia bila kujificha huku akiyasoma, na Shangazi akawa anaitikia kila jina kwa kichwa, kama mwalimu anayeita mahudhurio.

Ramani ya thelathini na moja ilipoingia yote, kanda ilikuwa imetoa unga wa kujaza kijiko.

*

Kola ya kuandikia ramani kwenye madaraja ilikuwa bado kwenye droo ya meza, imeviringishwa na waya wake. Tumpe akamfunga Shangazi shingoni, akaunganisha, akaagiza. Kioo kikahesabu vidole kimoja kimoja. Kilipofika mwisho kiliandika: tisa vimeandikwa, kimoja kitupu.

"Kimoja ni kitupu," Mwenzi alisema. "Nijaze?"

"Hapana," Tumpe alisema.

"Nijaze kwa muda tu, mpaka—"

"Nimesema hapana." Akakichomoa kile kipini kifuani, akakiweka kwenye droo, akaifunga. Hakuwahi kufanya hivyo katika maisha yake.

Kidole cha mwisho cha kushoto cha Shangazi kilitikisika. Kisha cha pete. Kisha mkono mzima ukageuka taratibu, kiganja chini, ukagusa goti.

"Gauni limelowa," alisema. "Tumpe, hili gauni lina unyevu, na hukunibadilisha!"

Akanyanyua mikono yote miwili na kumshika Tumpe mashavu. Vidole tisa vilimpapasa kuanzia paji la uso hadi kidevu, haraka haraka, kwa uroho. Cha kumi kilining'inia tu kando ya sikio lake, kizito na kimya.

"Pisha," Shangazi alisema alipomaliza kulia. "Kanda nitaitoa mwenyewe."

Tumpe akampisha kiti. Yule mama akaweka vidole kwenye vinundu bila kutazama, akaandika amri yake kwa kasi ambayo Tumpe hakuwahi kuiona kwa binadamu, akabonyeza kitufe cha kuingiza. Kwenye kioo pakatokea:

mt-f/dev/nst0offline

Amri hiyo haipo, kompyuta ikajibu.

Shangazi akakodoa macho, asielewe. Kisha akaona. Maneno yote yalikuwa yameshikamana. Maisha yake yote nafasi kati ya neno na neno alikuwa akizipiga kwa gumba la kulia, na gumba la kulia lilikuwa limelala juu ya kile kitufe kirefu bila kukibonyeza.

Tumpe alinyoosha mkono amsaidie.

"Acha," Shangazi alisema.

Alikaa muda akikitazama kile kidole. Akakisogeza pembeni kwa mkono wa kushoto, kama mtu anayempisha mtoto aliyelala kitandani, kisha akaanza upya. Neno, halafu gumba la kushoto, kwa kuchelewa. Neno, gumba la kushoto. Ilimchukua dakika nzima. Mashine ikaguguna, mlango ukafunguka, na kanda ya tano ikajitokeza nusu. Aliichukua kwa kuibana kati ya viganja viwili, akaiweka mezani polepole.

"Wa kumi na tatu ni nani?" aliuliza.

Tumpe akasoma kwenye orodha. "Atupokile Mwakalinga wa Kiwira. Fundi cherehani."

"Mpigie. Mwambie ramani yake ya kweli imepatikana; aje leo hii hii, asingoje kesho."